Jioni Radio ya Baba Ilinyamaza

Mujukuu wangu Uyirwoth,

Jambo sana, weye mwenye uko Kisangani. Siye hapa Bunia tuko muzuri. Mama yako anavuna maharagi, mimi magoti inanisumbua kidogo.

Unaniuliza kama utupe gari yako ya telekomande, sababu moteri imekufa. Usitupe! Fungua kwanza, angalia sharbo, vile vipande vidogo vyeusi vya kupeleka umeme ndani. Vikiisha, moteri haizunguke.

Miaka ya quatre-vingt, mudogo wangu Ukumu alikuwa na gari kama yako, ilitoka Kampala. Sharbo ikaisha, na Bunia haikupatikana. Baba yetu alikuwa anaanika pile za radio yake, zile betri, kwa jua kila asubuhi, zipate tena nguvu, sababu hakupenda kukosa habari za jioni. Siku ile alikamata pile moja, akaipasua, akatoa kijiti cheusi cha katikati, akakivunja vipande viwili, akavisugua kwa jiwe mpaka vikaingia mu moteri pahali pa sharbo.

"Na habari, baba?" nikamuuliza.

"Dunia itangoja."

Jioni radio ilinyamaza. Ukumu alizungusha gari mu kiwanja, na baba akaikalia kiti yake ya kila siku, akisikiliza ile gari mpaka mwisho, sawa vile alikuwa anasikiliza habari.

Koko wako, Rozalia