Siku Tuliyotoka Ziwani Kabla ya Mvua

Mama mkwe wangu mpendwa,

Habari za kifo chako zilinikuta kitandani na mtoto mchanga. Wazee wakasema mwanamke aliyejifungua juzi hapandi gari la moshi kwenda mazishini, basi mwanao, Baba Barasa, akaenda peke yake, nami nikabaki hapa mtaani Bondeni na maneno yangu yote kifuani. Sasa nimepata nguvu na mtoto amelala. Nayaandika, na ayasome yeyote anayetaka, maana yaliyotupata mimi na wewe si ya kuficha.

Ulipokuja Nakuru mara ya kwanza, ziwa lilikuwa limekauka. Wewe uliyezaliwa kando ya ziwa kubwa kule Bunyala ulisimama ukaitazama ile nchi nyeupe iliyopasukapasuka, ukaniuliza maji yako wapi. Nikakujibu kwamba yalikwenda. Ukanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyamwaga.

Mchana upepo ulipoanza, vumbi la magadi lilipanda kutoka ziwani likaingia mjini, machoni mwa watu, kwenye uji, kwenye nguo zilizoanikwa. Barasa alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia, na kila akikimbia alikohoa mpaka akakaa chini. Habari hizo zilikuwa zimekufikia. Jioni ile ile ulimwambia mwanao kwamba utarudi Bunyala na mtoto. Ulimwambia kwa lugha yenu, nami nimeketi hapo hapo, mtoto wa nyumba za reli niliyelelewa kwa Kiswahili, baba Mkamba, mama Mnandi. Nilishika jina la Barasa tu. Yaliyobaki niliyasoma usoni mwa mume wangu. Nikasema mwanangu haendi popote. Tangu hapo mimi na wewe tukawa hatuongei ila habari za chumvi na maji ya kuoga.

Siku hizo nilikuwa nikikwangua magadi ziwani na kuyauza sokoni kwa wafugaji na kwa akina mama wanaopika mboga za kienyeji. Asubuhi moja ukasema utakuja nami. Ulimfunga Barasa mgongoni mwenyewe, hukuniuliza. Ulitaka kuona kikohozi cha mjukuu wako kinatoka wapi. Tulikwenda na jirani yangu Mama Atieno, tukaingia ndani sana, mpaka mabati ya mji yakawa madogo chini ya mlima Menengai.

Tulikuwa tumejaza magunia Mama Atieno alipoinuka akasema, bila kupaza sauti, kwamba vumbi linakuja. Kutoka ng'ambo ya ziwa ulikuwa umesimama ukuta mweupe, mrefu kama kilima, na ulikuwa unatujia sisi na mji wote nyuma yetu. Sisi watu wa Bondeni tulijua la kufanya. Unalala kifudifudi, unajifunika leso, unangoja lipite. Nilishafanya hivyo mara nyingi. Nikapiga magoti, nikakuambia unipe mtoto.

Hukupiga magoti. Ulikuwa huangalii ule ukuta, ulikuwa unaangalia juu yake.

"Mama Barasa, nyuma ya vumbi iko mvua," ukasema. "Mvua kubwa. Hapa itakuwa tope. Tukilala, hatutoki."

Nikatazama. Kweli juu ya weupe palikuwa na weusi. Lakini anga lile lilikuwa limetudanganya kwa muda mrefu, na mimi sikuliamini tena. Nilikutazama wewe. Usoni mwako hapakuwa na hofu, wala ule ugomvi wetu haukuwepo.

"Wewe unajua njia," ukasema. "Mimi najua mvua. Twende."

Tukaacha magunia na majembe. Nikafunga leso yangu kwa yako, yako kwa ya Mama Atieno, mimi nikatangulia. Ulimhamisha Barasa kutoka mgongoni ukamweka kifuani, ukamfunika kwa gauni. Kisha vumbi likatumeza. Sikuona hata mkono wangu. Macho yaliwaka, midomo ikawa michungu. Nilichokuwa nacho ni upepo tu, kwa kuwa nilijua ukinipiga kisogoni basi mji uko mbele. Nikaenda hivyo, hatua kwa hatua, mpaka upepo ukageuka ukaanza kuzunguka, ukanipiga shavuni, ukanipiga usoni. Nikasimama. Sikujua tena mji uko wapi.

Mama, nilingoja univute. Au unifokee. Ulisimama nyuma yangu umeshika leso, kimya, unasubiri nijue.

Ndipo nikasikia gari la moshi likipanga mabehewa kule stesheni, mbali, upande ambao sikuutarajia. Nikageukia sauti ile. Matone yakaanza, makubwa, na yalipogusa uso wangu yalikuwa mazito kama chokaa. Ardhi iliyokuwa ngumu kama sahani ikaanza kutushika vifundoni. Mama Atieno akazama mguu mmoja mpaka gotini, nasi tukamvuta kwa leso, akatoka bila kiatu. Hatukusimama tena. Nilipohisi majani makavu chini ya nyayo nilijua tumefika ukingoni, na hapo mvua ikafunguka yote, pamoja na mawe ya barafu.

Tulijibanza ukutani mwa nyumba ya kwanza tuliyoikuta. Vumbi lilipozimika tukaona tulikotoka. Pale nilipopiga magoti palikuwa maji ya kijivu na tope, na magunia yetu hayakuonekana. Barasa akatoa kichwa chini ya kidevu chako, mkavu, akaomba uji.

Mvua ile haikulijaza ziwa. Ilipita, na kesho yake jua likarudi. Lakini jioni hiyo, Baba Barasa aliporudi kutoka karakana akatukuta tunaoshana macho, ulinigeukia mimi, siyo yeye, ukasema kwa Kiswahili: "Nilikuja kuchukua mtoto. Sasa sichukui. Nakuomba."

Nikauliza mpaka lini. Ukasema mpaka maji yarudi.

Wako waliodhani nilikupa Barasa kwa sababu uliokoa maisha yetu. Sivyo. Nilikupa kwa sababu niliona unavyosimama nyuma ya mtu aliyepotea bila kumsukuma. Nilizikunja nguo zake mwenyewe, nikawasindikiza stesheni, na gari lilipoondoka sikulia.

Maji yamerudi, Mama. Ziwa limejaa, ndege wake wekundu wameenea ukingoni, na hewa ya Bondeni ni safi. Barasa alirudi amenenepa, hakohoi, na ananiongelesha lugha yenu mpaka namwambia apunguze mwendo. Mtoto mchanga ni msichana. Ana jina lako.

Baba Barasa alipotuambia umetutoka, Barasa aliuliza nani atampelekea habari mukhana wa Kukhu, yaani binti wa bibi. Nikamuuliza binti gani, maana wewe ulizaa wavulana tu.

"Si ni wewe," akasema. "Kukhu alikuwa anasema kila siku, binti yangu yuko Nakuru."

Hukuwahi kuniambia. Haidhuru, imenifikia. Pumzika, Mama. Watoto wako salama mikononi mwangu, nami sina wasiwasi.

Ni mimi binti yako,
wa Nakuru.