Gari la Baba Linalewa Kila Asubuhi

Ijumaa, 13 Juni

Salamu, daftari langu. Hujambo? Habari za tangu mwezi wa pili? Mimi mzima, alhamdulillah, ila roho haitulii. Nilikutupa kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo na bobini, leo nimekutoa kwa sababu kwenye nyumba hii hakuna wa kumwambia.

Gari la Baba limegoma tena. Nimepiga stata mpaka jirani akafungua dirisha: kama halitaki, si uliache lilale? Uani kunanuka petroli kama kituo cha mafuta. Mara likawaka! Moshi mweusi, likakohoa mara nne, likazima. Na mimi nilikuwa nimeanika sare sita za shule, kazi ya wiki nzima. Zote zinanuka. Nimefua upya.

Mtu atasema si mpande teksi. Tumejaribu! Mwezi uliopita Baba alikumbatia nguzo ya geti kwa mikono miwili kama mtoto asiyetaka shule. Akamwambia yule dereva: kijana, mimi siendeshwi na mtu ambaye sijaiona leseni yake. Dereva akacheka, akaondoka, na kliniki ikatupita. Akili imeanza kumtoka Baba, mwaka wa pili huu. Lakini gari lake analijua. Ndilo aliloendesha idara ya maji miaka ishirini na tisa, na alipostaafu wakamuuzia. Ndilo pekee analokubali kupanda.

Na kidonda hakingoji. Kidole gumba cha mguu wa kulia. Sukari. Daktari amesema Alhamisi tarehe 19, saa tatu asubuhi, amwone kwa macho yake. Akikosa tena, mguu tusiuhesabu. Alisema hivyo, taratibu, huku anafunga faili.

Siku sita. Ya Rabi.

Jumamosi, 14 Juni

Amekuja Fundi Kimya. Wanamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Kang'oa plagi zote nne za cheche, akanipangia kwenye kitambaa kama meno: nyeusi tii, zimelowa. "Mama, injini hii haina njaa," akasema, "imevimbiwa." Akafungua kabureta. Ndani kuna kiboya kidogo cha shaba — mafuta yakijaa kinaelea, kinafunga njia. Kakitumbukiza kwenye sufuria yangu ya maji ya moto (sufuria yangu!), vikatoka vipovu. Kina tundu. Kinazama badala ya kuelea, kwa hiyo mafuta yanamiminika tu. Akaziba kwa lehemu.

Likawaka mara ya kwanza! Linaimba kama cherehani iliyotiwa mafuta. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Baba katoka na fimbo yake, kainamisha kichwa, kasikiliza. "Bado," akasema. Akarudi ndani. Fundi kacheka mpaka kakaa chini. Nami nikacheka. Mungu anisamehe.

Jumapili, 15 Juni

Bado kweli. Asubuhi halikuwaka. Petroli puani.

Na jambo jingine linanikera. Bendeji ya Baba niliibadilisha jana jioni, nyeupe pe. Leo nyeusi kwenye unyayo, na damu mbichi imepenya. Baba, umekwenda wapi? "Kazini." Ndilo jibu lake la kila kitu. Nimemsafisha kwa maji ya chumvi. Kajikaza, hakusema ah. Kaniita mama, kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo. Nimeshona kola mbili kisha nikazifumua.

Jumatatu, 16 Juni

Fundi tena. Kabadilisha sindano ya kabureta. Kakung'uta chujio la hewa, vumbi la kutosha kupanda mchicha. Kapima cheche, zipo. Mchana gari likawaka bila shida, kama halijawahi kuugua. Nikazunguka nalo mtaa mara mbili, nikampigia honi jirani.

Nikamwambia fundi: mchana linakubali, asubuhi linakataa, mbona? Akakuna kidevu. "Labda ni mjamzito." Nikamwambia mimi nina mzee anayeoza mguu, usinitanie. Kanyamaza, kweli kanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akasema pole, dada. Kesho usiliguse, nitakuja kuliwasha mwenyewe.

Jumanne, 17 Juni

Fundi kaja mwenyewe saa moja. Gari limelowa petroli chapachapa. Katazama gari, katazama mbingu.

Bendeji nyeusi tena.

Dada mkubwa kapiga simu kutoka kwake. Yeye yuko mbali, kwa hiyo ana majibu yote. Mzee ni mzee, mshikeni watu wawili mumpakie kwenye teksi, mumfunge mkanda basi. Mumfunge! Nikamwambia njoo umfunge wewe. Nikakata. Baada ya swala ya adhuhuri nimempigia kuomba radhi. Hapokei.

Jumatano, 18 Juni

Nimejua. Naandika haraka.

Alfajiri nilikuwa bado kwenye mswala, natoa salamu, nikasikia mlango wa gari. Ule wa dereva, haufungiki kwa ufunguo tangu enzi za idara. Nikachungulia nyuma ya pazia. Baba! Kavaa shati la kazi, vifungo mpaka shingoni, kimoja kimekosea tundu. Kofia. Miguu mitupu, na bendeji. Kaketi kwenye usukani, mgongo wima kama askari. Kavuta choki, kile kitufe cha kuzidisha mafuta, mpaka mwisho. Kisha mguu ule ule, wa kidonda, kwenye pedeli ya mafuta: kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Nikahesabu mpaka arobaini nikashindwa. Ufunguo hana, mimi ninao kwenye pochi, kwa hiyo haliwaki. Mafuta tu yanaruka ndani, yanaruka ndani.

Nikatoka. Baba, unafanya nini? Hata hakugeuka. "Saa moja kamili bosi anatoka. Gari liwe na moto." Kafuta dashibodi kwa kiganja. Kairudisha choki mahali pake — dereva msafi! — kafunga mlango polepole asiamshe watu, akarudi kitandani.

Ndiyo maana hakuna aliyeona kitu. Sisi tunafungua kabureta, kumbe tungemfungua yeye. Na ule weusi wa bendeji ni grisi ya pedeli! Kidonda kinakataa kupona kwa sababu kila alfajiri kinakwenda kazini.

Nimelia jikoni, bomba la maji wazi asinisikie. Bosi mwenyewe wa idara alishafariki. Baba alikwenda hadi makaburini, akasimama nyuma ya watu wote, karibu na gari.

Fundi nimemweleza kwa simu. Akasema: mfungie mlango wa chumba chake usiku wa leo tu, dada, kesho nitakuja saa mbili niwapeleke. Nimeushika ule ufunguo wa chumba. Siwezi. Kumfungia baba yangu ndani kama mbuzi? Nitatandika mkeka mlangoni kwake, nilale hapo. Akitoka atanikanyaga, nitaamka. Inshallah.

Alhamisi, 19 Juni

Saa moja kasorobo. Naandikia mapajani, kiti cha nyuma. Daftari lilikuwa kwenye pochi kwa ajili ya foleni ya hospitali.

Alinipita nilipokwenda kutia udhu. Dakika tano! Nilipotoka msalani na mikono inadondosha maji, yuko kwenye usukani, na petroli inanuka mpaka barazani. Nikasema basi, mguu umekwenda, kwa mikono yangu mwenyewe. Kumtoa nimejaribu. Kashika usukani kama ile nguzo ya geti.

Kisha kaninyooshea kiganja. "Bosi, ufunguo."

Kanitazama mimi. Bosi! Sijui nini kilinituma. Nikampa.

Nikamwambia Baba, limelewa, haliwezi kuwaka. Kanitazama kana kwamba mimi ni mtoto mjinga. Kumbe anajua, sikiliza: likilewa usilipampu kwa kanyaga-achia. Choki ndani. Kanyaga mpaka sakafuni, shikilia hapo hapo, usiachie, zungusha. Nilimwona anauma midomo, kidonda kile! Stata ikalia, ikalia, nikasema betri inakufa — pu! Moshi mweusi umefunika uzio. Kaachia mguu pole pole, pole pole. Likatulia. Wallahi sijawahi kulisikia limetulia hivi, hata kwa Fundi Kimya. Kainamisha kichwa, kasikiliza.

"Ndiyo sasa," akasema. Akatabasamu! Mwaka mzima sijayaona meno yake. "Panda, bosi. Wapi leo?"

Nikapanda nyuma, anapokaa bosi. Nikasema hospitali. Kaitikia, kaweka kioo sawa, mkono uko kwenye gia. Nikasema ngoja kwanza, dereva, kuna mtu tunamsubiri. Uongo nusu. Mungu anaona nia. Geti limefungwa, hilo tu ndilo linalotuzuia. Bendeji nyekundu sasa, naiona kutoka hapa, na mguu hautoki kwenye pedeli. Kila dakika ananitazama kwenye kioo. "Tunachelewa, bosi."

Ujumbe niliomtumia fundi, naunakili hapa kwa sababu mikono inataka kazi:

"Fundi, usingoje saa mbili. Njoo sasa hivi. Vaa shati safi, lenye kola. Gari linawaka, tatizo si gari tena. Baba yuko kwenye usukani na geti atanilazimisha nilifungue. Mwambie wewe ndiye dereva wa zamu, idara imekutuma umpokee. Mpigie saluti. Na leseni ishike mkononi kabisa, ataiomba. Nijibu upesi."