Wabelgiji Wamelima

Mzee Wanjala,

Wabelgiji wamelima.

Nilitaka kuanza kwa salamu, nikuulize hali ya huko, nikueleze habari za watoto. Nimeshindwa. Tangu Alhamisi maneno hayo mawili yananizunguka kichwani, na aliyestahili kuambiwa wa kwanza ni wewe.

Alhamisi magari yetu matatu ya ng'ombe yalirudi kutoka Londiani. Tuliyasikia yakipanda mlima polepole mno, ng'ombe wanahema, tukashangaa, maana kutoka stesheni ya reli hurudi matupu. Yalirudi yamejaa. Marobota yaleyale ya kitani tuliyoyafunga kwa mikono yetu, yamelowa mvua ya njiani, yananuka. Kiprono, dereva wa gari la mbele, hakusalimia mtu. Alimpa Bwana mwenye shamba barua.

Bwana aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Kisha akakaa chini, Mzee, kwenye matope ya uwanja, mbele yetu sote, na suruali yake safi. Mimi mkalimani wake nikamsogelea nikidhani amepata habari ya msiba. Akaniangalia kama mtu asiyenijua, akasema, "Yohana, Wabelgiji wamelima." Soko la Ulaya limejaa kitani cha watu wa kwao. Chetu hakitakiwi, kizuri au kibaya.

Na shamba lote limechanua! Ungeliona. Buluu tupu mpaka ukingo wa msitu wa Kaptagat. Kitani hakijapigwa na mvua ya mawe, hakijaliwa na wadudu. Kimesimama pale, kizima, na hakuna mtu duniani anayekitaka. Mimi sikujua kwamba jambo kama hilo linawezekana.

Lakini wewe ulijua.

Unakumbuka ile siku ya mtaalamu wa masoko? Yule mgeni mwenye miwani ambaye Bwana alimleta kutoka mjini, kutoka Sisibo, ambako sasa wanataka tupaite Eldoret. Alitundika ramani ubavuni mwa gari la ng'ombe, akatueleza dunia kwa fimbo. Hapa Urusi, wamempindua mfalme wao na wanachinjana wenyewe kwa wenyewe. Hapa Ubelgiji, mashamba yamegeuzwa mahandaki. Hao ndio waliokuwa wakilima kitani cha dunia, na hata mabawa ya ndege za vita hufunikwa kwa kitani. Kwa hiyo, akasema, kwa miaka ishirini dunia itatutegemea sisi, na ni ujinga kuacha hata pembe moja ya ardhi hii ilimwe kitu kingine. Hiyo pembe ilikuwa vishamba vyetu vya wimbi. Bwana aliahidi posho ya unga kila Jumamosi badala yake.

Watu wote walikuangalia wewe. Kama ungesema hapana, wangesema hapana. Ukasimama, ukavua kofia yako ya Kariakoo, jeshi la wapagazi, ile uliyorudi nayo kutoka vita vya Mjerumani, ukasema polepole ili nisikose neno:

"Muulize hivi. Kule vitani nilipita kijiji kimechomwa chote. Tuliporudi njia hiyo miezi baadaye, wanawake walikuwa wanapalilia mtama, hata juu ya makaburi. Sasa hao Wabelgiji, vita vikiisha, wamekatwa mikono? Mtu akirudi kwake akute shamba lake, atafanya nini kama si kulima?"

Mzee, mimi sikuuliza.

Niliogopa. Bwana alikuwa amekunja uso, na nilijiona nikitimuliwa kwa swali la mtu mwingine. Nilimwambia mgeni kwa Kiingereza, "Mzee huyu anashukuru kwa maelezo." Mgeni akatabasamu, akainama kidogo, akasema shukrani ni zake. Nikageuka kwako na kukutazama machoni, nikakwambia, "Anasema hao wamekwisha, Mzee. Hawatalima tena."

Jibu hilo nililitunga mimi. Halikutoka Ulaya wala kwenye ramani.

Ukacheka, kile kicheko chako cha kifuani, ukasema, "Basi sawa. Huyo amesoma, mimi nimebeba mizigo tu." Ukawa wa kwanza kufungua ua wa wimbi lako ili jembe la ng'ombe lipite. Wengine wakafuata nyuma yako.

Baada ya wiki chache kichomi kikakushika, kwa kusimama siku nzima katika bwawa la kulowekea kitani. Bwawa hilo ndimo ulimonifundisha kazi, kabla sijaitwa kukalimani. "Kunja bua. Lisipovunjika, ngoja. Usiliharakishe, halijui una haraka." Nilikaa kando ya kitanda chako siku tatu. Nilikuwa na nafasi ya kukwambia. Nilikulisha uji, nikakueleza habari za ng'ombe. Siku ya nne tulikuzika.

Sasa posho imekwisha. Jumamosi hapakuwa na unga. Bwana anashinda barazani akiitazama ile buluu, na jirani yake wa upande wa Plateau amekwisha kuondoka, ameacha milango wazi. Watu wananiuliza mimi, kwa sababu najua Kiingereza, "Yohana, imekuwaje?"

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mama Rasoa, mkeo. Alikuwa anapepeta mabaki ya mahindi. Nilimweleza yote, swali na jibu. Nilitarajia anitupie ungo usoni. Aliweka ungo chini, akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hakukosea." Akasema ulimwambia kitandani kwamba uliona aibu kuuliza swali la kijinga mbele ya wageni. Uliondoka na aibu hiyo, Mzee. Nilikubebesha mimi. Yeye alilia, mimi nikashindwa hata kulia.

Leo baada ya ibada niliomba kusema. Nilisimama mbele ya watu wote wa kambi nikarudia, neno kwa neno, ulichouliza na nilichokitunga. Wafula alitema mate chini akatoka. Kiprono aliniambia, "Ungekuwa kwetu ungelipa ng'ombe," na sikumbishia. Kisha, kwa kuwa tumbo halingoji, walinituma kwa Bwana: tunataka kung'oa kitani kwenye vishamba vyetu, na tunataka jembe na ng'ombe, mvua ikiwa bado ipo. Nilimfikishia kila neno, hata yale makali ya Wafula kuhusu posho. Bwana alinisikiliza mpaka mwisho. Alitazama marobota uwanjani, akasema, "Chukueni ng'ombe."

Kesho tunaanza. Wenyeji ng'ambo ya mto wamekubali kutupa mbegu ya wimbi, nasi tutawasaidia kujenga maboma. Sijui kama itatosha. Sijui Bwana atakaa au ataondoka kama jirani yake, wala atakayekuja baada yake atatuacha au atatufukuza. Sijui chochote tena kuhusu dunia, Mzee, na nikisikia mtu anasema anajua, mwili unanisisimka.

Siombi unisamehe kwa barua. Naahidi hivi tu: kishamba cha Mama Rasoa kitalimwa kwanza, kabla ya changu, na sitatoka hapa kwenda kutafuta kazi mjini mpaka wimbi lake liwe ghalani.

Nimemsomea barua hii kabla ya kuikunja. Amenitaka niongeze neno moja, nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie alale vizuri. Mwambie alikuwa na akili."

Kwaheri, Mzee wangu.

Yohana