Jina Lenye Sikutaja Mbele ya Kioo

Siku ya ine ya juma, asubuhi. Ukungu umekalia Butembo kama kuku kwenye mayai, mulango wa jirani hauonekani. Mvua haijaamua bado kama itanyesha. Mimi vilevile sijaamua kama nitalia.

Mimi niko nasema, Espérance ndiye anaandika. Ni mukamwana wangu, bibi ya mutoto wangu wa pili. Masomo sikuyaona hata kwa dirisha; wakati benzangu balienda shule, mimi nilikuwa kwenye shamba la maharagi kule Vuhovi, nikifukuza ndege. Donc kama kuna neno lenye halikukaa vizuri, ni la kwangu. Nimemukataza kunipamba.

Bamenikatalia visa.

Jibu lilifika siku ya pili ya juma lenye lilipita, kwenye simu ya Espérance. Alianza kulisoma amesimama, kisha akaketi, na hapo nikajua. Banasema ndoa yetu habaiamini. Banasema bibi alishindwa kutaja jina la bwana yake.

Alishindwa! Nimemuzalia batoto mpaka tumbo likasema basi. Nimemufulia mashati yenye harufu ya samaki wa Kyavinyonge tangu nikiwa na meno yote. Na mutu mwenye kukaa nyuma ya kioo anasema sijui jina lake.

Najua jina lake. Nalijua kuliko langu.

Ngoja nieleze, juu kuna batu ba mbali benye banasomaka hapa kwenye simu zao. Bwana yangu namuitaka Baba Masika, juu mutoto wetu wa kwanza ni Masika. Yeye ananiitaka Mama Masika. Jina lake la kweli ni lile lile la baba yake, mukwe wangu, na kwetu bibi hataji jina la mukwe. Siku nilifika kwenye hii nyumba kama bibi-arusi, mama mukwe alinikalisha karibu na moto, akanipa ndizi ya kuchoma, akanifundisha mambo ya kwao: mahali chumvi inakaa, mbuzi gani ana kichwa kibaya, na lile jina.

"Utalitaja siku moja tu," akasema. "Siku ya kumuzika. Hapo uliite kwa nguvu, asikie, aende vizuri."

Hata Espérance hawezi kuliandika, juu kwake ni jina la mukwe pia. Leo nimemuambia alitie tu, mambo yaishe. Amekatala. Ameficha mukono chini ya paja kama mutoto mwenye ameiba sukari. Donc mahali penye jina lingekaa, mutaona nukta-nukta tupu. Musifikiri simu imeharibika.

Nilikwisha kulitaja mara moja.

Ilikuwa wakati Baba Masika alikuwa bado anaendesha camionnette ya samaki. Alitoka asubuhi kupeleka muzigo Beni, na hakurudi. Camionnette baliikuta kando ya barabara, imechomwa, samaki wote makaa. Mutu, hapana. Tulitafuta kwenye hospitali, tukatafuta kwa basoda, askari ba jeshi, tukatafuta mahali penye sitaki Espérance aandike. Kisha bakubwa ba familia bakasema tukae matanga. Matanga bila maiti. Tukachimba, tukazika koti lake la Siku ya Mungu, lile la rangi ya kahawa. Na mimi nikasimama juu ya ule udongo, nikaliita jina lake mpaka mbuzi za jirani zikakata kamba.

Mahindi yalikuwa yamekomaa wakati simu ililia, namba ya Uganda.

"Mama Masika," sauti ikasema, "leo munakula samaki gani?"

Alikuwa amekimbia benye balichoma gari, akaingia mu pori, akavuka mupaka, yuko kwenye kambi ya bakimbizi na mutoto wa dada yake. Nilimutukana mpaka simu yake ikazimika. Kisha nikakaa chini kwenye mulango, nikacheka peke yangu, batu bakafikiri nimerukwa na akili.

Koti hatukulifukua. Linaoza pale mahali pake, na mimi naona ni sawa.

Kutoka kambi bakamupeleka Canada. Anaishi kwenye muji wenye barafu inaanguka kutoka juu kama manyoya ya kuku, bila sauti. Anasemaka ni ile ya bila sauti ndiyo inamuogopesha. Akaomba nimufuate. Nikapiga picha, nikatoa damu, nikapiga picha tena juu ya kwanza nilikuwa nimekunja uso. Mwisho bakaniita Kampala, kwenye ofisi ya visa. Nikapanda basi kupitia mupaka wa Kasindi, nimevaa kikwembe kipya, kikapu cha avoka kwenye magoti.

Nyuma ya kioo kulikuwa kijana mwenye uso safi. Kando yake mutafsiri, mutu wa Kiswahili cha pwani, kile chenye kinateleza kama sabuni. Kijana akauliza bwana yangu ni mutu wa namna gani. Nikamuambia: anapenda kichwa cha samaki, analala upande wa ukuta, na anadanganya umuri wake mbele ya banamuke. Kijana akacheka. Nikasema mu roho, aa, huyu tutasikilizana.

"Jina la bwana yako, mama?"

"Baba Masika."

"Jina lake mwenyewe. Lile lililo kwenye karatasi."

"Kama liko kwenye karatasi, lisome."

Hakucheka tena. Akauliza mara nyingine, polepole, na mutafsiri akaniangalia kama mutu mwenye anakuombea. Jina lilikuwa kwenye ulimi, zito kama jiwe la kusagia. Mais nikaliona lile kaburi la koti. Nikaona nikilitaja hapa, kwenye hiki kioo, kwa kijana mwenye hata hajaonja chai yangu, nitakuwa namuzika bwana yangu mara ya pili. Na kule kwenye barafu, bila mutu wa kumuchimbia.

Nikafunga kinywa. Nikasukuma avoka moja chini ya kioo, ili tusiachane vibaya.

Akairudisha.

Siku jibu lilifika nilimupigia Baba Masika, nikamuambia bila kuzunguka. Yeye akasema, "Basi mimi nitarudi."

"Kurudi wapi? Kwenye ile barabara?"

"Mama Masika, nimezeeka. Kama ni kufa, nife kwetu."

"Wewe ulikwisha kufa. Tulikula mbuzi yako."

Alicheka, mais namujua. Ni mutu mwenye anacheka akiwa amekwisha kuamua. Banasema tunaweza kuomba tena, nitaitwa tena kwenye kioo. Yeye anasema hatangoja tena. Barafu ya huu mwaka ikianza kuyeyuka, anapanda ndege. Anafikiri ile barabara imemusahau. Mimi najua barabara haisahau mutu mwenye iliacha nusu.

Donc ni hivi: nifungue kinywa, ama yeye arudi pale balimuchomea gari.

Tangu hapo nalala muchana. Sioni haya kusema. Zamani nilikuwa nikimuona mwanamuke amelala jua likiwa juu ya kichwa, namuamusha kwa fagio. Mais nimejua kitu. Asubuhi yangu yeye yuko mu usiku wake, na mangaribi yangu yeye yuko katikati ya siku. Hapa tu, wakati sufuria ya maharagi inatokota na Butembo yote iko soko, yeye bado hajaamuka. Nikijilaza hapo, tunakuwa tumelala wote wawili. Najilaza upande wa nje. Ule wa ukuta ni wake.

Jana nilijilaza hivyo. Ndege ndogo ilikuwa inatoka kiwanja cha ndege cha Rughenda, ikapita juu ya nyumba ndani ya ukungu, haionekani, sauti tu, na nikaingia mu usingizi nyuma ya ile sauti kama mutoto nyuma ya mama yake.

Nikaota barafu inaanguka Vuhovi. Maharagi yote nyeupe, na vilima nyeupe, na miti ya kalitusi imesimama kama batu ba ekaristi ya kwanza. Baridi, hapana. Baba Masika anatembea katikati ya mistari, na miguu yake haiachi alama. Amevaa lile koti lenye tulizika. Udongo uko bado kwenye mabega. Anaangalia huku, anaangalia huku, kama mutu mwenye ameitwa na hajui sauti ilitoka wapi.

Nikaita, "Baba Masika!"

Na bababa bote bakageuka. Kwetu kila binti wa kwanza ni Masika, munaelewa? Shamba lilikuwa limejaa bababa ba Masika na sikuwa nimebaona. Mushonaji wa kando ya kanisa akageuka. Mwenye moulin ya kusaga akageuka na unga kwenye kope. Mutu wa pikipiki mwenye ananibebaka soko akageuka, akatoa kofia. Bote bananiangalia kwa heshima, bananingoja niseme ninataka nini.

Yeye peke yake hakugeuka. Aliendelea kutembea, koti linakuwa dogo, dogo, mpaka nikawa sijui kama ni yeye ama ni barafu.

Niliamuka maharagi yameungua.

Nikamusimulia Espérance nikikwangua sufuria. Yeye ni mutu wa maneno kidogo. Akachukua sufuria mu mikono yangu, akaitia maji, akasema bila kuniangalia, "Mama, siku ile mulizika koti. Mutu hamukumuzika. Ile siku moja yenye kaka alikupatia, hujaitumia."

Kaka ndio tunaitaka nyanya. Alikuwa anasema juu ya mama mukwe wangu, na hakumukuta hata akiwa hai. Nilimuangalia. Huyu mwanamuke, siku mutoto wangu alimuleta nilisema ni mwembamba, atavunjika. Leo nasema hapa mbele ya batu bote: nilikosea, na bado ni mwembamba, akule.

(Anakatala kuandika hiyo ya mwisho. Andika.)

Kama ile siku bado ni yangu, nikajisemea, nitamuita akiwa anaweza kuitikia. Mangaribi, moto ukiwa umeshika, nikachukua simu. Espérance akajua. Alitoka akasimama nyuma ya jiko, vidole mu masikio, na kitenge juu ya kichwa kwa kuongeza heshima. Hata kuku balimushangaa.

Baba Masika akaitikia. Sikumupatia nafasi ya kuuliza samaki. Nikafunga macho na nikasema:

. . . . . . . . .

Nikasikia birika yake kule ng'ambo, inaanza kulia, inalia kabisa, na yeye haiondoi.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mutu. Ni mimi niko nakuita."

Birika ikaendelea kulia. Nikamuambia aondoe ile kitu kwenye moto, ataunguza nyumba ya bazungu. Akaiondoa. Akarudi.

"Rudia," akasema.

"Usijizoeze."

"Mama Masika. Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili halikuwa jiwe. Lilikuwa na joto, kama kiazi chenye umetoa kwenye majivu sasa hivi, chenye unarusha mukono huu na mukono huu na huwezi kukiachilia juu una njaa. Na nikasikia bwana yangu analia, yeye mwenye alicheka kwenye matanga ya ndugu zake bote.

Akasema tangu mama yake afe hakuna mutu mwenye amemuita hivyo. Kule banamuita, akasema, kama batu benye banatafuna changarawe. Anaitikia tu ili basirudie. Kumbe jina lake lilikuwa linabaki huku kwetu, mu kinywa changu, nimelifungia miaka yote kama kitambaa kizuri mu sanduku, na mwenye nalo anatembea uchi.

Nikamuambia: ngoja kioo kimoja tena. Usipande ndege. Bataniita, nitaenda, nitavaa kikwembe kile kile, na yule kijana akiuliza nitamuambia mpaka batu ba nje basikie. Akisema tena haamini, basi atakuwa na tatizo lake, hapana letu.

Akasema atangoja. Hakucheka alipolisema, na hapo nikaamini.

Sasa naogopa kitu kingine, mujue. Nikilitoa kwenye kioo, kwa mutu mwenye kuliandika na kupita kwa mwingine, litabaki na joto? Ama litarudi kwangu baridi, kama avoka ile, na alama ya kidole cha mugeni? Sijui. Mama mukwe hakunifundisha hiyo. Alinifundisha kuzika tu. Kuita mutu mwenye yuko hai, najifunza peke yangu, na meno yamebaki machache.

Ukungu umeanza kupanda. Naona mulango wa jirani, na jirani mwenyewe amesimama pale, kumbe alikuwa ananisikiliza wakati wote. Salamu, jirani.

Espérance ameweka maharagi kwenye moto, ameniambia hii mara ataangalia sufuria yeye. Nitajilaza upande wa nje. Nitangoja ndege ya Rughenda, kama iko leo. Nikifika kule mu shamba, na barafu inaanguka, na bababa bote bamesimama mu mistari, nitabapita bila kubasalimia, banisamehe, nitamufikia yule wa koti, na nitaita:

. . . . . . . . .

Nione kama atajifanya hajasikia.