Ujumbe wa Mama Béa

Ijumaa, saa kumi jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, imekatika sasa hivi, na Kisangani yote inanuka matope na samaki wa moshi. Au ni mimi ninayenuka samaki. Nimetoka soko kuu, na nimekaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

 

Kesho ninaiaga redio. Mtakaonisoma hapa, kipindi kikishapita, mnajua: kila Jumamosi saa nne asubuhi, kipindi changu “Vile Vile”, na safu yangu ya jina hilo hilo gazetini. Watu wananiletea barua, mimi nazisoma neno kwa neno, siongezi chumvi, sipunguzi pilipili. Mtu akiandika kwamba shemeji yake ni mbuzi, nasoma kwamba shemeji yake ni mbuzi. Mjini wananiita Mama Vile-Vile. Hata padri ananiita hivyo, na yeye jina langu la ubatizo analo kwenye daftari lake.

Sifa hiyo imejengwa juu ya uongo.

Basi, nimeshaandika. Nilidhani mbingu itaniangukia, kumbe jirani anaendelea kutwanga majani yake ya pondu tu.

Nieleze. Wakati wa vita ile ya zamani, mto ulifungwa. Boti hazikushuka wala kupanda. Posta ilikuwa imekufa, simu za mkononi hatukuwa nazo. Aliyetaka kujua kama ndugu yake wa Basoko yuko hai alikuja kwenye fonii: redio ya mawasiliano, betri ya gari, waya mrefu juu ya paa, na mimi Masika, msichana wa miaka ishirini na kidogo, binti wa muuza vitenge kutoka Butembo, nimeshika mikro. Sauti zilikuja zimevunjika, makelele matupu, kama mtu anakaanga mihogo ndani ya redio. Kazi yangu ilikuwa kurudia. Wa kule anasema, mimi nasikia, namwambia mteja kwa sauti: anasema hivi, anasema vile. Na benchi nzima ya wanaongoja zamu inasikia. Siri haikuwepo. Msiba wako tuliulilia wote, na aibu yako tuliijua wote kabla hujafika nyumbani.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Béa. Mume wake alikuwa ameshuka na boti hadi Basoko kununua samaki, mto ukafungwa nyuma yake, na kwa zaidi ya mwaka mama hakupata habari. Alikuja amevaa kitenge cha Jumapili. Kwenye benchi walikuwepo wanawake wawili wa kwaya yake, na wale, Mungu awarehemu, midomo yao ilikuwa inafika sokoni kabla ya miguu.

Sauti ya mume ikaja. Nikaisikia vizuri. “Umuambie asiningoje. Nimeoa huku Barumbu, karibu na Basoko, bibi iko na mimba. Asitafute tena habari yangu.”

Nikamtazama Mama Béa. Alikuwa anatabasamu tayari, maana mume yuko hai.

Nikasema: “Anasema iko muzima. Anasema njia imefungwa. Anasema usichoke.”

Ndiyo. Hivyo tu. Mdomo ulisema wenyewe. Benchi ikapiga makofi, mmoja akapiga vigelegele. Mama Béa akatikisa kichwa, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Pembeni alikuwa ameketi Tonton Anaclet, mkurugenzi wa redio moja ndogo ya mjini, naye akingoja zamu yake. Alinijia macho yamejaa machozi. “Wewe mutoto, unasema maneno ya batu vile vile! Ni kama bwana mwenyewe anasema. Kuja kazi kwangu.” Wiki iliyofuata nilikuwa studioni. Alors, kipindi, safu, mialiko ya Kinshasa, picha yangu ukutani pale ofisini, vyote vilitoka kwenye ujumbe mmoja niliougeuza. Tonton Anaclet alikisimulia kisa hicho kila sherehe mpaka alipofariki. Mimi nilikuwa nacheka, huku naangalia viatu vyangu.

Na kesho mkurugenzi mpya anataka kisa hicho nikisimulie mwenyewe, hewani. Vita imerudi kule mashariki, mji umejaa watu waliokimbia ambao hawajui ndugu zao wako wapi. Anasema kisa changu kitawapa moyo. Wiki nzima sikulala vizuri. Nidanganye kwa mara ya mwisho mbele ya watu hao? Au niseme ukweli, na wote walioniamini waniulize: na barua zetu je, ulizigeuza ngapi?

Hakuna hata moja. Naapa. Tangu siku ile sijagusa hata koma. Ukali wangu wote ulitoka hapo, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa namwona Mama Béa amesimama mlangoni anangoja, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya maneno yangu.

Nilijua alipo. Anauza samaki wa moshi soko kuu, karibu na mlango mkubwa. Zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikizunguka soko lote niingilie nyuma, ili nisipite mbele ya meza yake. Samaki nilinunua kwa mwingine, samaki wabaya, wenye mchanga. Familia yangu imekula mchanga kwa sababu ya woga wangu.

Leo nilipita mlango mkubwa.

“Ayi, Mama Vile-Vile! Leo umepotea njia?” Akanisogezea kigoda. Sikukaa. Niliyamwaga yote nikiwa nimesimama, mwavuli unanichuruzikia mgongoni: Basoko, Barumbu, mimba, usichoke. Nikamwambia nimekuharibia maisha, mama, nimekuja kuomba msamaha kabla sijasema mbele ya mji. Nililia. Mwanamke mzima, mbele ya makayabu, samaki wa chumvi.

Alinisikiliza huku anafukuza nzi. Halafu akasema, “Nilimusikia.”

Sikuelewa.

“Bwana yangu, Masika. Miaka kumi na mbili nililala naye, nikose kujua sauti yake? Makelele ilikuwa ya masikio yenu. Mimi nilisikia yote, hata kabla wewe ufungue kinywa.”

Nikamuuliza kwa nini basi alingoja.

“Nani alikuambia nilingoja?” Akacheka, akacheka mpaka wauzaji wa meza za jirani wakageuka. “Mashati yake niligawa wiki ile ile. Suruali ya muzuri nilimupatia kaka yangu. Niko na batoto batano, ningengoja saa ngapi? Ninyi batu ya redio, munafikiri bila ninyi jua haitoke!”

Jamani. Miaka yote hiyo nimejibebesha maisha ya mtu, kumbe mwenyewe alishayachukua zamani akaenda nayo sokoni. Niliona aibu, na papo hapo nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la mihogo.

Kisha akapoa. Akanivuta mkono nikae. Akaniambia wale wawili wa kwaya wangemla mzima mzima siku ile. Badala yake walimsindikiza hadi nyumbani wakiimba. “Ulinifunika,” akasema. “Nilipata siku tatu ya kulia peke yangu, mulango nimefunga, bila mutu wa kuniangalia. Siku ya ine nikatoka, nikawaambia batoto na kaka yangu, mimi mwenyewe: bwana ameoa. Hizo siku tatu, hakuna mutu mwingine angenipatia.”

Hapa naacha kuandika kidogo.

Bon. Nimenawa uso.

Nisijidanganye kwamba ameniosha. Nilimwambia bado nilikosea, ujumbe haukuwa wangu, na alikubali haraka kuliko nilivyopenda. “Ndiyo, ulikosea. Ingekuwa mwanamuke mwingine, angengoja kweli.” Neno hilo litabaki nami, na libaki. Kati ya hao waliokimbia vita leo, yupo anayengoja habari, na anastahili kuipata jinsi ilivyo. Lakini anastahili pia mlango wa kujifungia anapoipata. Mimi sikuwahi kuwaza hilo. Niliwaza maneno tu, kama maneno yanafika kwa mtu asiye na majirani.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kipindi, nitamkalia kooni mkurugenzi: habari mbaya ya mtu tuipeleke kwanza kwake, kwa miguu, akae nayo anavyotaka. Hewani baadaye, akipenda. Nina miguu bado. Nikistaafu nitakuwa na muda wa kuitumia.

Nilipoinuka nikamwomba ruhusa. Je, kesho nisimulie yote, ila jina lake nilifiche? Alinikazia macho mpaka nikataka kurudi kule kwa samaki wa mchanga.

“Hapana. Wewe ulisemaka kwa ajili yangu mara moja, inatosha. Kesho mikro utanipatia mimi.”

Nikamuuliza atasema nini. Akanifungia samaki wawili kwenye jani, akanifukuza, wateja walikuwa wanangoja.

Ndiyo hali yangu jioni hii. Kipindi changu cha mwisho, na sijui kitasemwa nini ndani yake. Anaweza kunisifu. Anaweza kuniaibisha mbele ya mkoa wote wa Tshopo. Ana haki ya yote mawili. Naogopa, kusema kweli naogopa sana, lakini tangu nilipotoka sokoni nimejikuta mara mbili naimba peke yangu, na mimi si mtu wa kuimba.

Kesho saa nne nitawasha mikro, nitaisogeza upande wake, na nitafunga mdomo.