Jenoveva na Riwaya ya Ujamaa

Tatu, uko? Jenoveva wetu kaumbuka leo darasani, bado siamini!

Alikuwa anawasomea kidato cha pili ile riwaya ya Ujamaa, pale mgambo wanapochoma nyumba ili watu wahamie kijijini. Mwanaidi, yule mwanafunzi anayetoka kijiji cha Shume, akanyoosha mkono: "Mwalimu, nyumba ya bibi yangu ilichomwa na baba yako."

Baba yako! Mbele ya darasa zima!

Jenoveva akafoka, "Kaa chini, hii ni hadithi tu." Mtoto akajibu taratibu, "Bibi aliweza kuwatoa motoni watoto wake wawili tu, mwalimu. Walikuwa watatu."

Akamtoa nje, shoga. Akamtoa nje, akaendelea kusoma!

Nimemfuata ofisini kumuuliza kama ni kweli. "Baba alikuwa anatekeleza amri," kasema.

Alijua, Tatu. Miaka yote alijua.