Kitambaa Kilichokataa Kulala

Mjukuu wangu Mwende,

Usicheke ninapokuita mjukuu. Nina miaka kumi na saba, lakini nyanya yako huko mjini Wote ni dada yangu mkubwa, kwa hivyo mimi pia ni nyanya yako, hata nikiwa na sare ya shule. Hapa Kabati tuko salama, tunavuna mbaazi.

Umeniuliza kama uache kufuma kwa krosheti kwa sababu kitambaa chako hakitaki kulala mezani. Changu cha kwanza pia kilikataa. Nilikifuma nikifuata kitabu, duara baada ya duara, ili mama akitandike wageni wa kanisa wakija. Kingo zikainuka. Nilikificha chini ya mto, mama akakipata.

"Hiki ni kitambaa ama ni kiondo cha panya?"

Niliona haya, nikaanza kukifumua. Akanishika mkono.

"Ngoja. Hapa uliacha kuongeza vitanzi. Nani alikuambia uache?"

Hakuna aliyeniambia. Tulihesabu pamoja ndipo nikaelewa. Tangu utotoni mama amenifundisha kusuka kiondo, kikapu chetu cha nyuzi za mkonge, na kitako chake kikitoshana na kiganja, unaacha kuongeza nyuzi ili kuta zipande. Mikono yangu ilifanya hivyo bila kuniuliza.

Kwa hivyo usiache, na usifumue kabla hujahesabu. Kingo zikipanda, unaongeza kidogo mno. Zikipiga mawimbi, unaongeza kupita kiasi. Nina hamu ya kujua mikono yako ilidhani inatengeneza nini.

Nyanya yako mdogo,
Kaluki